Kitanda cha Kabari Nne

Kitanda ni mtumishi asiyepewa shukrani. Mwanadamu hulala juu yake yapata theluthi ya umri wake. Juu yake huugua na kupona, na aghalabu juu yake huiaga dunia. Walakini ni nadra kumwona mtu akiinama kutazama viungo vya kitanda chake vimeshikana kwa namna gani. Mimi nami niliishi miaka zaidi ya arobaini bila ya kuinama. Siku niliyoinama nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Habari za kuchelewa kwangu ndizo nitakazo kuzisimulia hapa, pamoja na kazi niliyoifanya baadaye ili nisichelewe mara ya pili.

Wazazi wangu walikaa Marangu, katika kihamba cha migomba na mikahawa, mahali palipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Masika mmoja baba yangu aliugua, ikalazimu ateremshwe mjini Moshi ili awe karibu na matibabu. Nikapanga chumba. Baba hakuwa mtu wa kudai mengi. Aliomba jambo moja tu, nalo ni kulala juu ya kitanda chake mwenyewe, kilichochongwa kwa mti wa mringaringa katika mwaka aliooa. Nikaiona haja hiyo kuwa ni ndogo. Nikaazima spana kwa jirani, nikaingia chumbani, nikainama.

Bolti nne za kitanda kile zilikuwa zimeliwa na kutu hata nati na hesi zimekuwa kitu kimoja. Kila kiungo kilipolegea, mtu alikuwa ameongeza msumari. Na msumari ulipolegea, alikuwa ameongeza msumari mwingine ubavuni mwake. Kitanda kilikuwa hakikaziki tena wala hakifunguki, na kwa upana wake hakikuweza kupita mlangoni. Jirani akaleta msumeno. Kitu kilichomlaza baba miaka arobaini na ushei kilikatwa kwa muda wa dakika kumi, kikatolewa nje vipande vipande kama kuni. Baba aliteremka Moshi akalala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni. Usiku wa tatu aliniuliza, "Kitanda changu kitakuja lini?" Nikamjibu, "Kesho, baba." Kesho hiyo haikuja. Alifariki kabla ya mvua kukatika.

Sisemi kwamba kitanda kingalimponya. Maradhi yake yalikuwa na njia yake, na mbao hazina dawa. Lakini mgonjwa hubakiwa na matakwa machache, na mojawapo la matakwa machache ya baba lilishindwa na kutu, na mimi mwanawe nikalifunika kwa neno la uongo.

Baada ya miaka miwili haja ile ilirudi kwa mlango mwingine. Kifua cha mama kilikuwa hakistahimili tena baridi na ukungu wa mlimani wa mwezi wa Mei hata Julai. Tukakubaliana kwamba kila mwaka katika miezi hiyo atateremka Moshi kwenye joto, kisha atapanda tena kwenye migomba yake. Mama akakubali kwa sharti. Alisema, "Nitakwenda na kitanda changu, mwanangu. Nitakifunga mimi mwenyewe na kukifungua mimi mwenyewe. Sitaki kukaa nikingoja kijana wa spana."

Ndani ya sharti hilo mlikuwamo mambo matatu: kitanda kiwe chepesi kufunga, kiwe chepesi kukaza, na kazi yote iwezwe na mkono wa mwanamke wa miaka sabini na minne.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Sina randa wala patasi. Vyombo vyangu ni maneno. Kwa hiyo nilianza pale ninapopajua, katika kamusi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson imehifadhi viungo vya kitanda cha pwani kimoja kimoja: matendegu ni miguu yake, mifumbati ni miti miwili ya ubavuni, vitakizo ni miti ya kichwani na miguuni, na mchago ni upande wa kuwekea kichwa. Niliwauliza wanafunzi wangu darasani majina ya viungo hivyo. Wakataja miguu, na mbao za pembeni, na hedibodi. Neno moja tu walilijua wote, nalo ni chaga, yaani mbao za kulazia godoro, wakacheka kwa sababu mwalimu wao ni Mchaga. Nikawaonya wasijenge nasaba ya maneno juu ya sauti peke yake, tukacheka pamoja. Lakini nilipotoka darasani sikuwa na kicheko. Mimi niliyajua majina yote, na bado baba yangu alilala sakafuni.

Kitenzi kimoja ndicho kilichonifungua macho. Katika Kiswahili ngoma huwambwa, na kitanda cha kamba nacho huwambwa. Mwambaji huivuta kamba kutoka mfumbati huu hata ule, na kutoka kitakizo hiki hata kile. Na mvuto huo wa kamba haumlazi mtu tu, bali pia huvuta miti minne ya kitanda iingie katika matendegu yake. Mtu akilala, uzito wake huzidi kuivuta kamba. Siku kamba inapolegea, mwenye kitanda huivuta tena. Wazee wa pwani hawakutafuta kitanda kisicholegea. Walitengeneza kitanda kinachojua kwamba kitalegea, wakamwachia mwenyewe njia ya kukikaza.

Mama hakutaka kitanda cha kamba, maana mgongo wake umezoea godoro. Basi nilichukua ile fikira nikaiacha kamba, nikaenda nayo kwa seremala mmoja mzee wa Moshi, mzaliwa wa Pangani, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kwamba nataka kila mfumbati uishike tendegu bila ya bolti. Mzee akaiweka chini randa yake. "Mfumbati!" alisema. "Mwalimu, neno hilo sijalisikia tangu bibi yangu alipokufa." Tangu dakika ile tulikuwa watu wa shauri moja.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Matendegu mawili ya mchagoni yaunganishwe na kitakizo chake kwa gundi, yasiachane tena; na mawili ya miguuni vivyo hivyo. Hivyo huwa vipande viwili vyembamba vipitavyo katika mlango wowote. Mifumbati miwili ichongwe ndimi katika ncha zake. Kila ulimi upenye tundu la tendegu, utokeze upande wa pili, na hapo nje utobolewe tundu la kusimama, kisha kabari ishushwe humo kutoka juu. Kabari ikishuka huuvuta ulimi nje, na mabega ya mfumbati hubanwa juu ya tendegu. Kitanda kizima kina kabari nne tu, na chombo chake ni nyundo ya mti.

Hila ya kufungua na kufunga fanicha si ya jana. Mwaka 1925 wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua huko Giza, Misri, kaburi la Malkia Hetepheres, mama wa Mfalme Khufu aliyejengewa piramidi kubwa. Ndani yake yalikuwamo mabaki ya kitanda chake, na ya besera ya miti iliyopambwa kwa dhahabu, iliyoundwa ili ifunguliwe na kufungwa tena. Umri wake ni yapata miaka 4,500. Malkia yule alikuwa na watumishi wa kumfungia. Mama yangu hana. Na kwa sababu hiyo kazi yetu ilikuwa ngumu kuliko ya mafundi wa malkia.

Kitanda cha kwanza kilitushinda. Fundi alilitoboa tundu la kabari likaanzia sawasawa na uso wa tendegu. Tukashusha kabari, ikakwama imara, nasi tukafurahi. Kisha mzee akakitikisa kitanda, kikalia kama mlango mkuukuu. Akainama, akatazama, akasema, "Kabari yako imeshiba, mwalimu, lakini haifanyi kazi." Ilikuwa kweli. Kabari ilijaa ndani ya tundu lake, ikausukuma ulimi pande zote mbili, wala haikuligusa tendegu hata kidogo. Nguvu zake zote zilikuwa zikipigana zenyewe kwa zenyewe.

Mara ya pili tundu lilianzia ndani ya unene wa tendegu kwa kiasi cha robo inchi. Sasa kabari iliegemea uso wa tendegu kwa upande mmoja na mti wa ulimi kwa upande wa pili, na nyuma yake pakabaki nafasi tupu. Nafasi hiyo tupu ndiyo siri ya kazi yote, maana kabari isiyo na mahali pa kusogea haiwezi kuvuta kitu. Mbele ya tundu tuliuachia ulimi inchi 3 za mti mzima usije ukapasuka. Mteremko wa kabari tuliufanya mdogo, inchi 1 kwa kila inchi 8 za urefu, ili msuguano uizuie isirudi juu. Mifumbati tuliisimamisha kwa ubavu wake mpana, kimo cha inchi 6, kwa kuwa ubao ukizidishwa kimo mara mbili, ugumu wake wa kutopinda huzidi mara nane.

Nilimwuliza mzee kwa nini kitanda cha bolti hulegea hata kama hakiguswi. Alinionyesha kipande cha mringaringa kilichokatwa zamani. Mti ukikauka haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini hunywea upana na unene. Ukichongwa Marangu wakati wa mvua, kisha ukaletwa kwenye joto la Moshi, tendegu hukonda, na bolti iliyolikumbatia hubaki imekumbatia hewa. Ukirudishwa mlimani, tendegu huvimba tena. Kila safari ni kulegea na kukaza. Lakini kabari ikisimama wima, tendegu likikonda huteremka kidogo kwa uzito wake na kwa mtikiso wa mlalaji, na pigo moja la nyundo humaliza yaliyobaki. Hapo niliikumbuka kamba ya pwani. Hiki nacho kilikuwa kitanda kinachosaidiwa na mlalaji wake.

Zilibaki kabari zenyewe, ambazo hupaswa kuwa za mti mgumu kuliko mringaringa. Kihambani mwetu palikuwa na shina la mkahawa mzee uliokwisha kung'olewa. Baba aliupanda ujanani mwake, na kwa kahawa ya miti kama huo, iliyouzwa kupitia chama cha ushirika, nililipiwa ada ya shule. Mti wa mkahawa ni mgumu na mzito. Mzee wa Pangani aliupasua, akachonga kabari tano, nne za kazi na moja ya akiba.

Wahenga wamesema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikilalia wiki moja kabla ya kumpa mama. Niligundua kwamba ncha za ndimi za miguuni huumiza muundi wa mtu apitaye gizani, tukazichonga mviringo. Kisha nikakipandisha Marangu, nikakiweka mbele ya mama katika vipande vyake, nikafungua kinywa kumwelekeza. Akaninyamazisha kwa mkono. Alisimamisha mchago ukutani, akapachika mfumbati wa kwanza, akauegemeza wa pili juu ya kiti, akaleta upande wa miguuni, akashusha kabari, akagonga. Kazi ilikwisha kabla chai yangu haijapoa.

Watu wengi husifu kitu kisicholegea. Nimetazama kotekote, wala sijakiona. Mifereji ya maji ya Uchagani, tunayoiita mifongo, imepita katika vihamba vizazi kwa vizazi, si kwa sababu haibomoki, bali kwa sababu watu huitana kwenda kuizibua na kuitengeneza. Hata lugha ninayoifundisha ina viungo vilivyolegea, na wanafunzi wangu walinionyesha viwili vitatu darasani. Dawa yake si kuvipigilia misumari ya kamusi, bali kuvitia tena katika kazi, kama neno mfumbati lilivyorudi kinywani mwa mzee yule. Kosa langu kwa baba halikuwa kwamba kitanda chake kililegea. Kosa lilikuwa kwamba kililegea miaka mingi, nami nilikuwa nikiingia na kutoka chumbani mle kila Krismasi, na sikuinama.

Sasa mama hupanda na kuteremka na kitanda chake. Mwezi wa Mei uliopita nililala naye Moshi, yeye chumba kimoja, mimi cha pili. Usiku nilisikia mlio kwenye ukuta: ko, ko, ko. Nikanyanyuka, nikauliza, "Mama, kuna nini?"

Akajibu, "Hakuna kitu, mwanangu. Nakaza kitanda changu. Lala."

Nikalala.