Angani Juu ya Mto Irrawaddy

Mto Irrawaddy huanzia katika milima ya kaskazini mwa Myanmar, nchi iliyojulikana zamani kwa jina la Burma, ukateremka kusini kati ya mashamba ya mpunga hadi Bahari ya Andaman. Ufikapo mwezi wa Mei, upepo wa kusini-magharibi, ndugu wa kusi ambao mabaharia wa Lamu na Unguja huujua vema, hubeba unyevu wa bahari hadi bara, na mawingu hupanda juu kama minara. Njia ya ndege zitokazo Ulaya kwenda Singapore hupita hapo.

Tarehe 21 Mei, 2024, ndege ya Shirika la Ndege la Singapore, aina ya Boeing 777, ilikuwa juu ya nchi hiyo kwa urefu wa futi 37,000, ikitoka London na abiria 211 na wafanyakazi 18. Ilikuwa saa ya kifungua kinywa. Ndege ikaanza kutetemeka, na taa ya mikanda ikawashwa. Hazikupita sekunde kumi. Ndege ilisukumwa chini ghafla hata wasiofunga mikanda wakarushwa darini, kisha ikainuka nao wakabwagwa sakafuni. Yote hayo yalikwisha katika muda wa kuvuta pumzi mbili, na ndege yenyewe ilishuka futi 178 tu! Abiria mmoja alifariki, makumi wakajeruhiwa, na rubani akaielekeza ndege Bangkok.

Katika sekunde hizo abiria aliyekaa aweza kuufunga mkanda wake. Mhudumu, aliyesimama na birika la chai ya moto kando ya toroli lenye uzito wa watu wazima, hana cha kushika. Hali yake ni ya askari aliyesimama nyuma ya lori liingiapo shimoni, ila juu yake kuna dari. Kwa hiyo si ajabu kwamba kati ya watu 163 waliojeruhiwa vibaya na misukosuko ya hewa katika hesabu za Marekani, tangu 2009 hadi 2022, wafanyakazi wa ndege walikuwa 129.

Baada ya mkasa huo shirika hilo lilibadili utaratibu: taa ya mikanda ilipowaka, chai na chakula havikugawiwa, na mhudumu naye aliketi akajifunga.