PIKIPIKI ILIYOLALA MIEZI 14: MAMA, UNAWEZA KUIAMSHA

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi anashika spana

Akina baba mnaochungulia humu kimyakimya, nawaona, karibuni pia.

Wiki iliyopita tuliongea homa za watoto. Leo naleta jambo ambalo wengi mmeniuliza kwa meseji tangu mlipoona picha yangu nikiwa na oili mpaka kwenye viwiko. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, ile pikipiki inawaka.

Iko hivi. Baba watoto alipata kazi mkoa mwingine, pikipiki akaiacha uani chini ya turubai. Miezi 14 hakuna aliyeigusa. Kuku walitagia pale. Akaja bwana mmoja akasema anatupa 300,000 aichukue kama spea. Baba watoto kwenye simu akasema, "Uza tu, hiyo imeshakufa."

Mimi nikapiga hesabu. Zamu ya asubuhi naondoka nyumbani saa 11 alfajiri, ya jioni natoka saa 3 usiku. Bodaboda kwenda na kurudi ni 6,000 kwa siku, na usiku unapanda na mtu usiyemjua, kofia hakuna, mwendo anaujua yeye. Nikisema "Kaka, punguza," ananiambia "Dada, usiogope."

Si kwamba siogopi pikipiki. Nazijua vizuri kuliko wengi wenu, maana matokeo yake yanalazwa wodini kwetu. Ndiyo maana sikutaka tu iwake. Nilitaka nijue kila kitu kinachoifanya iende, na zaidi kinachoifanya isimame.

SEHEMU YA 2: Kabla hujagusa kitu, wahamishe watoto

Hapa nasema kama nesi, tusitaniane.

Petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Kamwe. Mtoto haoni petroli, anaona soda. Tumia dumu lenye mfuniko wa kukaza, liweke juu asikofika, mbali na jiko. Mtoto akimeza petroli USIMTAPISHE, na usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Ile petroli ikirudi juu inaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Akikohoa au kupumua harakaharaka, usingoje kukuche.

Usivute petroli kwa mdomo na mpira. Mafundi wengi wanafanya, najua. Wewe usifanye.

Maji ya betri ni asidi. Yakiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha njoo hospitali. Ukiungua na ekzosi, maji ya bomba ya baridi dakika 20. Dawa ya meno, yai na asali viache jikoni.

Injini usiiwashe ndani ya chumba wala kwenye banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua mtu huku akidhani ana usingizi tu.

Na kama una mimba, mambo ya petroli mwachie mwingine. Wewe kaa pembeni umsimamie.

SEHEMU YA 3: Usipige kiki kwanza

Kila aliyepita pale uani alitaka kuipiga kiki. Niliwakatalia wote. Injini iliyolala muda mrefu ndani inakuwa kavu. Ukiilazimisha, chuma kinasugua chuma.

Nilianza na oili. Nikachungulia kwenye kioo chake: nyeusi tii, ila ipo. Nikaimwaga nikaweka mpya, nikijua itabidi nibadilishe tena ikishawaka, maana uchafu uliokaa ndani utatoka na hiyo ya kwanza.

Kisha nikafungua plagi. Kupitia tundu lake nikaingiza oili safi kama mililita 5 kwa bomba la sindano jipya, bila sindano yenyewe. (Bomba lenyewe nilinunua duka la dawa, msije mkasema nimebeba la kazini!) Nikaiacha usiku kucha. Kesho yake nikabonyeza kiki kwa mkono, taratibu. Ikazunguka. Nikashukuru Mungu, maana ingekuwa imegoma kabisa, hapo ni kazi ya fundi wa kupasua injini, si mimi na wewe.

Plagi ilikuwa na masizi, nikanunua mpya. Ili uone kama ina cheche, ichomeke kwenye kofia yake ya mpira, chuma chake kiguse chuma cha injini, petroli iwe mbali, mtu apige kiki. Usiishike chuma kwa mkono. Yangu ilitoa cheche ya bluu. Umeme upo.

Elewa jambo moja, mengine yatakuwa rahisi: injini inataka hewa, mafuta na cheche, na nguvu ya kuvibana pamoja. Ikigoma kuwaka, kimoja hakipo. Usibahatishe kwa kubadilisha spea hovyo, ulizia kimojakimoja. Ndivyo tunavyofanya mgonjwa akiletwa hajitambui: njia ya hewa, pumzi, damu, kwa mpangilio.

SEHEMU YA 4: Kabureta, ugonjwa wenyewe ulipokuwa

Petroli inazeeka. Sehemu nyepesi zinaruka hewani, inabaki kitu kama gundi. Niliyoitoa kwenye tanki ilikuwa ya njano iliyokoza, inanuka kama vanishi. Nilimpelekea fundi wa mtaani kwenye dumu, akasema atasafishia cheni. Usiimwage mtaroni na usiwashie mkaa.

Kabureta ndipo gundi hiyo inapokaa. Funga koki ya mafuta, toa kabureta, fungua kibakuli cha chini. Kabla ya kila skrubu piga picha kwa simu. Skrubu zote nilizipanga kwenye trei ya mayai kwa mfuatano, namba kwa kalamu. Mtoto wangu wa kwanza ndiye alikuwa karani, alikaa mbali na petroli akiandika.

Ndani kuna jeti mbili, kubwa na ndogo. Ile ndogo ina tundu jembamba kama unywele. Ielekeze kwenye mwanga, kama huoni mwanga, imeziba. Yangu ilikuwa imeziba. Hapa mikono ya nesi inawasha kuchukua sindano, lakini acha. Jeti ni shaba laini, sindano inapanua tundu, na injini itakunywa mafuta kuliko inavyotakiwa. Nililoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kijana wa pancha akaipuliza kwa upepo wa mashine yake. Mwanga ukaonekana.

Filta ya hewa nayo ilikuwa na kiota cha nyigu. Nikasafisha, mpira wa mafuta uliopasuka nikabadilisha.

SEHEMU YA 5: Ikawaka, ikazima

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumapili, uani peupe, watoto mlangoni na bibi yao. Petroli mpya lita 2. Choki juu. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne ikakohoa, ya sita ikawaka! Moshi mweupe mwingi, ile oili niliyoiweka ikiungua. Mama mkwe akapiga vigelegele.

Dakika 4 hivi, ikazima. Nikapiga kiki, kimya.

Hapo ndipo watu walipoanza. Jirani akasema, "Si nilikwambia? Uza." Mwingine akasema kabureta ninunue mpya. Nikarudi kwenye orodha yangu. Cheche: ipo. Hewa: ipo. Mafuta: kibakuli cha kabureta nilikuta hakina kitu, wakati tanki lina mafuta na koki iko wazi.

Sasa nani kati yenu amewahi kuona dripu ya chupa ya kioo? Ile haishuki mpaka uipe njia ya kuingiza hewa. Inadondoka kidogo, inasimama, ingawa dawa imejaa. Nikafungua kifuniko cha tanki. Kikalia "fyuuu!" Hewa ikaingia kwa kishindo, na mafuta yakaanza kushuka nayaona kwenye mpira. Kile kifuniko kina kitundu cha kupumulia, na miezi 14 ya vumbi ilikuwa imekiziba. Nikakisafisha kwa brashi na upepo. Ikawaka kiki ya pili, haikuzima tena mpaka nilipoizima mimi.

Nawaambia hivi, mama zangu: mnayajua mambo mengi kuliko mnavyodhani. Anayejua kwa nini kopo la maziwa linatobolewa matundu mawili tayari anaelewa kifuniko cha tanki. Hakuna aliyekwambia tu kwamba ni kitu kilekile.

SEHEMU YA 6: Nilipoweka spana chini

Injini ikikugomea, unabaki nyumbani. Breki zikikugomea, unaletwa kwetu.

Kwa hiyo breki nilimwachia fundi mzoefu, nikasimama pembeni nikiangalia na kuuliza. Ndani ya ngoma kulikuwa na kutu, viatu vya breki vimekwisha. Akabadilisha. Tairi tulikagua nyufa, tukaweka tyubu mpya nyuma. Cheni ikasafishwa, ikatiwa oili, ikakazwa ibaki inachezacheza kama sentimita 2 hadi 3. Kebo ya klachi mpya. Betri ilikuwa imekufa. Ya volti 12 ikijaa husoma kama 12.6, yangu ilisoma 9. Pikipiki ingewaka kwa kiki bila hiyo, lakini mimi natembea usiku, bila taa sitoki.

Gharama kwa mnaopenda hesabu: oili mara mbili 24,000, plagi 5,000, betri 38,000, tyubu 8,000, kebo 6,000, mpira wa mafuta 3,000, petroli 6,000, viatu vya breki 8,000, fundi 10,000. Jumla 108,000. Ni nauli yangu ya zamu 18.

Kofia ngumu sijaiweka humo, hiyo nilinunua kabla ya plagi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008 ulikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe inakutosha, na mkanda umefungwa chini ya kidevu. Iliyoning'inia kwenye mkono haimlindi mtu.

Sasa hivi niko shule ya udereva, nafanya mazoezi kiwanjani jioni na mwalimu. Mpaka leseni itoke naendelea kulipa bodaboda. Na watoto wameshaambiwa: mishikaki haipo nyumba hii. Dogo alilia. Nikamwambia alie, machozi hayo nayaweza.

Baba watoto nilimtumia sauti ya injini kwenye simu, bila maneno. Akanijibu, "Hiyo ya nani?"

Nikamjibu: "Yangu."

Kama una moja imelala uani kwako, andika hapo chini imelala muda gani na ilizimikaje. Tutaulizana pamoja: hewa, mafuta, cheche. Usiiuze bado.