Maduka ya Kale ya Chai Mjini London

Mtu afikapo London kwa mara ya kwanza huelekezwa kwenye mnara wa saa na jumba la mfalme. Hayo ni mema. Lakini msomaji mwenye shamba la michai, hata liwe la mashina mia tano tu, na atenge asubuhi moja ayatazame maduka matatu ya kale, yaliyokuwapo miaka mingi kabla mche wa kwanza haujapandwa Limuru mwaka 1903.

La kwanza ni la Twinings, namba 216 katika njia iitwayo Strand, likikabiliana na Mahakama Kuu. Ukipita kwa haraka hulioni, kwa kuwa ni jembamba kama ujia. Juu ya mlango wameketi Wachina wawili wa sanamu, na kati yao simba wa dhahabu. Bwana Thomas Twining alinunua mkahawa mahali hapo mwaka 1706. Siku hizo mikahawa ilikuwa baraza za wanaume. Walikunywa kahawa, wakasoma magazeti na kubishana juu ya biashara. Mwanamke mwenye heshima hakuingia. Basi mwaka 1717 Twining akafungua duka la pembeni, ambamo mabibi waliweza kununua majani ya chai wakayapeleka nyumbani.

Lakini chai ilikuwa ghali mno. Kufikia mwaka 1784 ushuru wake ulikuwa 119 kwa mia, yaani ulizidi bei ya chai yenyewe. Magendo yakastawi, na walaghai wakachanganya chai na majani ya miti mingine, hata mnunuzi akawa anakunywa asichokijua. Richard Twining, mjukuu wa Thomas, akamshauri Waziri Mkuu William Pitt kwamba ushuru ukipunguzwa, chai halali itauzwa kwa wingi. Mwaka huo huo ukashushwa mpaka 12 na nusu kwa mia, na magendo ya chai yakakosa faida. Sisi tushikao vitabu vya hesabu maofisini twaweza kulitafakari jambo hilo kwa muda mrefu.

Ukitoka hapo, mwendo wa nusu saa kwa miguu utakufikisha Piccadilly, kwa Fortnum & Mason, duka lililoanza mwaka 1707. Bwana Fortnum alikuwa mtumishi katika nyumba ya Malkia Anne. Mishumaa ya jumba ilibadilishwa kila usiku, naye akauza mabaki yake. Ghorofani watu hunywa chai kwa vikombe vyembamba, kwa bei ya kumtoa karani jasho. Afadhali anunue pakiti chini.

Karibu na hapo, namba 3 St James's Street, ni nyumba ya Berry Bros. & Rudd. Ilianzishwa na mwanamke mjane mwaka 1698, na kibao chenye picha ya kinu cha kahawa kingali kikining'inia nje, ingawa siku hizi wenyewe ni wauza mvinyo. Ndani mna mizani kubwa iliyokuwa ya kupimia kahawa. Tangu mwaka 1765 wateja nao walipimwa juu yake, na uzito wao ukaandikwa vitabuni. Mshairi Byron ni mmoja wao. Mkulima aliyewahi kusimama kituoni na kikapu chake, akiukazia macho mshale wa mizani, ataitazama hiyo kuliko vitu vyote vya mji ule.

Zamani bei ya chai ilitajwa mnadani London. Mnada huo ulifungwa mwaka 1998, na sasa chai yetu hunadiwa Mombasa. Hata hivyo, ikifika Uingereza huchanganywa na nyinginezo, na mara nyingi pakiti haitaji Kericho wala Nyeri. Kwa hiyo mgeni asimamapo mbele ya rafu za Strand na amwulize mwuzaji, kwa adabu, majani haya yametoka wapi. Kisha amwambie na yeye alikotoka.