Ongeza Kamba

Kwenye magazeti na redio zetu, kila kitu hung'oa nanga. Mitihani ya KCSE yang'oa nanga. Ligi yang'oa nanga. Kampeni zang'oa nanga. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi mno, kwa sababu naandika kwa malipo, na mtu anayelipa kwa idadi ya maneno hapendi ufikirie sana. Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza hiyo nanga ilikuwa imetiwa wapi, ilishika nini huko chini, na nani aliachiwa kazi ya kuing'oa.

Siku hizi kazi hiyo ni yangu. Niliacha chuo Nairobi nikiwa mwaka wa pili, karo ilipowashinda nyumbani, nikarudi Kilifi kwa mama. Asubuhi naandika maelezo ya viatu na vipodozi ambavyo sijawahi kuviona. Jioni namsaidia mjomba kwenye mashua yake: futi 22, mlingoti mmoja, tanga moja, injini hakuna. Anavua, na wikendi anabeba wageni wanaotaka kutazama jua likizama kwenye hori, ule mkono wa bahari unaopita chini ya daraja.

Chombo kisicho na injini, nanga ndiyo breki, ndiyo steji, na siku mbaya ndiyo bima. Ya mjomba ilikuwa na makucha manne, imechomelewa na fundi wa jua kali kwa vyuma vya ujenzi. Nanga ya aina hiyo hupenda mwamba. Ukucha ukiingia kwenye ufa, umeshika. Shida ni kwamba wakati mwingine unashika hadi haukutoki, unakata kamba na kuiacha huko chini. Na inapotoka, inatoka na vipande vya matumbawe, yaani unavunja nyumba ya samaki uliyekuja kumvua. Kwenye mchanga au tope nayo inapita tu, kama uma kwenye uji.

Basi mwaka huo mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake ili arudi kwao akatuonyesha nanga ya jembe, imeshika kutu, kilo 11, shilingi 14,000. Mimi nilikuwa nimelipwa 18,000 kwa kazi ya miezi miwili. Mama alizijua hizo pesa kabla hazijaingia kwenye M-Pesa. Kwake zilikuwa mwanzo wa kulipa deni la chuo.

"Mjomba wako amevua miaka thelathini bila hiyo jembe," aliniambia. "Chuo nacho hakitakungoja miaka thelathini."

Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba mashua ile ndiyo inayotulisha sisi na watoto wa mjomba, na kwamba kati yake na majabali kuna kamba moja na vyuma vya ujenzi. Nikanunua.

Kisha nikafanya nilichofundishwa chuoni kabla sijaondoka: nikasoma. Nanga ya jembe iliwekewa hataza mwaka 1933 na Geoffrey Ingram Taylor, mwanahisabati Mwingereza aliyependa kusafiri kwa tanga. Kwa karne nyingi watu walitegemea uzito: chombo kikubwa, chuma kikubwa. Taylor alitaka nanga nyepesi inayojizika. Ukiivuta ikiwa imelala, ncha inachimba, na kadiri unavyoivuta ndivyo inavyozidi kuzama mchangani. Lakini lazima uivute ikiwa imelala. Ukiivuta kwenda juu, inang'oka kama muhogo.

Hapo ndipo siri yote ilipo, na mjomba aliijua bila kusoma popote. Kinachoifanya nanga ilale ni urefu wa kamba. Kamba fupi huinua nanga, kamba ndefu huilaza. Mita chache za mnyororo kati ya nanga na kamba husaidia, kwa sababu uzito wake huubakisha mvuto chini, na matumbawe hayaukati kama yanavyokata kamba.

Hesabu yake ni hii, na ukikosea unalala nchi kavu au hulali kabisa. Maji yakiwa matulivu, toa kamba mara tatu ya kina. Kawaida, mara tano. Upepo ukichafuka, mara saba ukiweza. Lakini kina kipi? Pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda zaidi ya mita 3. Tuseme umetia nanga maji yakiwa yametoka, kina ni mita 3, ukatoa kamba mita 15, ukalala. Maji yanajaa, kina kinakuwa mita 6 na nusu. Ongeza nusu mita hadi pale kamba inapofungwa kwenye omo, mbele ya chombo, unapata 7. Ile kamba yako ya mara tano sasa ni mara mbili tu, na wewe unakoroma. Ndiyo maana mjomba hukipigia hesabu kina kitakachokuja. Kilichopo hakimshughulishi.

Kutia kwenyewe hakuna haraka. Unaelekeza omo kwenye upepo, unashusha tanga, unangoja chombo kisimame. Kikianza kurudi nyuma ndipo unaiteremsha nanga, mkono kwa mkono. Huitupi kama kwenye sinema, maana kamba itajizonga kwenye makucha. Unaachilia kamba polepole, unafunga, unaweka kiganja juu yake. Kamba ikitetemeka, nanga inakokota. Ikikaza na kutulia, imeshika. Halafu unachagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mnazi na mnara wa simu kwa mfano. Vikianza kuachana, unatembea na hujijui.

Julai, kusi ikiwa imepamba, tulikuwa tunarudi jioni ndani ya mwamba wakati henza, kamba ya kupandishia tanga, ilipokatika. Foromali ikaanguka na tanga lote. Upepo ulikuwa unatusukuma kwenye majabali, na tulisikia mawimbi yakipiga chini yake. Kina kilikuwa pima mbili hivi, maji yakijaa. Niliteremsha nanga, nikatoa kamba kama mita 15, nikaweka kiganja. Ikatetemeka.

"Ongeza kamba," mjomba akasema.

Hebu fikiria. Nyuma yako kuna mawe, na unaambiwa uyasogelee. Kila msuli mwilini ulitaka kuvuta.

"Ongeza, mwanangu. Iache ilale."

Nikaongeza mpaka mita 40 zote zikaisha. Tulirudi nyuma tukiyasogelea yale mawe, kisha omo ikageuka ghafla, ikatazama upepo, kamba ikakaza. Kiganjani kukawa kimya. Taa moja ya hotelini na pembe ya jabali zilibaki kwenye mstari mmoja kwa saa mbili, mjomba akiunga henza kwa mwanga wa simu yangu.

Kuondoka ndiko kuliniumiza mikono. Huing'oi nanga ukiwa mbali nayo. Unakusanya kamba, dhiraa kwa dhiraa, unakiburura chombo mbele mpaka ukae juu kabisa ya pale ulipokuwa umeshikwa. Kamba ikisimama wima, inatoka. Kwa hiyo yule anayeandika kwamba ligi imeng'oa nanga ajue ametaja kazi ndefu, na nusu yake ni kurudi.

Mwaka huu nimeanza kupeleka shilingi 3,000 kila mwezi kwenye lile deni. Sijui nitarudi darasani lini, na nimeacha kumtajia mama tarehe. Juzi alikuja ufukweni kutuletea chakula, akaikuta nanga imelala mchangani, akaigusa kwa ncha ya kandambili.

"Ndiyo hii ya elfu kumi na nne?"

"Ndiyo hii."

"Mbona ndogo hivyo?"

Nikamwonyesha kamba, vifundo nilivyofunga kila mita 5 ili usiku nihesabu kwa vidole. Akaishika, akaanza kuvipitia kimoja kimoja bila kusema kitu. Alipofika cha nane akaniuliza kama mita 40 zinatosha.

"Bamvua ikija na upepo, hazitoshi," nikamwambia.

"Basi mwezi huu nunua kamba," akasema, akaanza kupakua wali.