Bustani ya Shengena

Atokaye Same penye joto na miiba, akapanda Upare hadi Chome, huiona bustani isiyopandwa na mwanadamu. Kilele cha Shengena, chenye kimo kipatacho mita 2,460, hufunikwa na ukungu. Msituni imo mikulo mirefu, na yumo ndege mdogo asiyepatikana ulimwenguni ila Upare Kusini.

Miti hukinga ukungu, ardhi hunywa, chemchemi hububujika. Wenyeji hukusanya maji ndivani na kuyagawa kwa zamu mashambani. Lakini mikulo mingi imekwisha kuangushwa kwa misumeno. Aukataye mkulo kwa siri hakati mbao tu, bali aukata na mfereji wa jirani aliye bondeni.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mti uliwao na mtu au ndege ni sadaka ya aliyeupanda. Vijana, pandeni, na mlichokikuta, kihifadhini.