Salamu Isiyojibiwa

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Tumeanza kwa salamu kama ilivyo ada ya ukurasa huu, na wiki hii salamu yenyewe ndiyo maudhui. Kuianza ni sunna na kuijibu ni wajibu. Mtoto wa madrasa hulijua hilo kabla hajaimaliza juzuu ya Amma. Kwa ajili ya wajibu huo, Muislamu aliyetoa salamu akanyamaziwa hudhani moja kati ya mawili: ama hakusikika, ama amedharauliwa. Njiani ni rahisi kubainisha. Unamsogelea mtu, unaikariri salamu kwa sauti, mambo yamekwisha. Katika simu ya mkononi si rahisi hivyo, na zipo nyumba zilizoingia ufa kwa sababu hiyo.

Mpwa wetu mmoja, mtoto wa dada, ni fundi wa mitambo katika nchi ya chai, na huko ndiko alikopata jiko. Mkewe ni Mkipsigisi wa Kiptere, kaunti ya Kericho, aliyesilimu kabla ya ndoa yao. Waislamu wa mji ule ni wa kuhesabika. Akitaka darasa la wanawake humlazimu kupanda matatu hadi Kericho mjini, na mwenye mtoto mchanga mgongoni haipandi kila wiki. Ndipo mumewe akamfungulia akaunti katika jukwaa moja la mtandaoni ambapo kinamama wa Pwani huulizana habari za twahara, za kunyonyesha katika Ramadhani, za mapishi na za malezi.

Akaingia kwa adabu. Akatoa salamu, akajieleza yeye ni nani na yuko wapi, akaomba apokewe. Hakujibu mtu. Kesho yake akauliza kuhusu kulipa saumu zilizompita katika siku za uzazi. Kimya. Kwa wiki tatu aliandika mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja maneno yake yalikaa pale kama sahani iliyoandaliwa wageni wasiokuja. Chini yake na juu yake aliona salamu za wengine zikipokewa kwa furaha, huyu akiitikiwa na ishirini, yule na thelathini. Jina la akaunti yake lilianza na Chep-, kama yalivyo majina ya mabinti wengi wa Kikalenjin. Akalitazama jina lake, akayatazama majina yaliyojibiwa, akafikia hukumu ambayo wengi wetu tungeifikia.

Hakumwambia mumewe. Ilipofika nikahi ya shemeji yake huku Mombasa, alisema mtoto ana homa, hakuja. Dada yetu, ambaye ndiye mama mkwe, naye alikuwa na hukumu yake: mke huyu ana kiburi, hatutaki. Basi huku wanasema yeye ndiye anayewatenga, na kule anaamini wao ndio waliomtenga, na kila upande una ushahidi mkononi.

Tulipokwenda kuwazuru, mvua ya alasiri ya Kericho ilitufungia ndani, na chai ya maziwa ikarefusha mazungumzo. Hapo ndipo alipoufungua moyo. "Mjomba," alituambia, "kwetu mtu akikwambia chamgei, huwezi kumpita. Hata mliyegombana naye utamwitikia. Hawa dada zenu wamesoma Qur'ani tangu utoto. Mbona hawajibu?"

Tumeulizwa mengi ya mirathi na talaka, na machache yametulemea kama lile. Tukampigia simu mama wa nyumbani kwetu, ambaye ni mwanachama wa jukwaa hilo hilo, tukamwomba atafute jina lile. Halikuwepo. Tukamtajia siku na saa ya kila ujumbe. Hakuna hata mmoja. Katika simu ya Kiptere jumbe kumi na moja zilikuwa zinang'aa. Katika simu ya Mombasa palikuwa patupu. Kinamama wale hawakumnyamazia. Hawakuletewa salamu yake.

Vijana huliita jambo hili shadobani; sisi tutaliita kufungiwa kivulini. Mwenye akaunti haambiwi kwamba amefungiwa. Huandika, hubofya, huyaona maneno yake mahali pake, lakini wengine hawayaoni, au huyaona wachache tu, au jina lake halitokei likitafutwa. Ni mithili ya mtu anayeadhini ndani ya chumba ambacho mlango wake umezibwa kwa nje: yeye anaisikia sauti yake, naye anashangaa kwa nini hakuna anayekuja kuswali.

Si haki kuieleza hila hii bila kutaja sababu ya waliyoibuni. Majukwaa huvamiwa mchana na usiku na akaunti za uongo zinazouza dawa za miujiza, mikopo ya kitapeli na machafu mengine. Mlaghai akiambiwa "umefukuzwa," hufungua akaunti nyingine dakika hiyo hiyo. Asipoambiwa, hupoteza siku nzima akipiga kelele katika chumba kitupu. Hikima hiyo tunaielewa. Tatizo ni kwamba akaunti mpya haina historia, na mashine ya kuchuja huzihukumu nyayo tu. Mke wa mpwa wetu alifunguliwa akaunti katika simu ambayo tayari ilikuwa na akaunti mbili za mumewe. Salamu yake ndefu aliiandika mara moja, akainakili na kuibandika katika vyumba sita vya jukwaa kwa muda wa saa moja, ili asimkose mtu. Mwisho wake aliweka anwani ya video ya darasa aliloipenda. Tena intaneti ya simu zetu huwapitisha watu wengi katika namba moja ya mtandao, hivyo uchafu wa jirani usiyemjua waweza kukupaka na wewe. Mbele ya mashine, mwanamke mpweke mwenye shauku ya elimu na tapeli wa dawa wameacha nyayo zinazofanana.

Hata baadhi ya wenye majukwaa waliona kuna kasoro hapa. Reddit, ambao walikuwa maarufu kwa njia hii, walitangaza mwezi wa Novemba 2015 kwamba watumiaji wa kweli waliokosea watasimamishwa waziwazi na kuelezwa, na kivuli kibakie kwa walaghai. Lakini ni nani anayempambanua mtu na mlaghai? Ni mashine ile ile.

Katika sheria yetu kutengwa mtu kunajulikana, wala si jambo geni. Kisa cha Kaab bin Malik, Allah amridhie, kimo katika Bukhari na Muslim. Alibaki Madina bila udhuru Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoka kwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria. Naye na wenzake wawili wakatengwa, watu wakakatazwa kusema nao. Anasimulia mwenyewe kwamba alikuwa akija msikitini, akimsalimu Mtume, kisha akijiuliza ndani ya nafsi yake iwapo midomo ile mitukufu imetikisika kwa jibu au la. Aliupanda ukuta wa bustani ya Abu Qatada, binamu yake na mpenzi wake mkubwa, akamtolea salamu. Hakujibiwa. Tulipokuwa tukimsomea binti yule maneno haya, aliacha kumimina chai.

Ila tazameni tofauti. Kaab alilijua kosa lake. Alilikiri kwa ulimi wake mbele ya Mtume. Aliijua adhabu, na Madina nzima iliijua. Hakuna aliyemtabasamia usoni huku akimziba kwa nyuma. Na siku ya hamsini ilipofika, toba yake haikurudishwa kimyakimya: mpigambiu alipanda juu ya jabali la Sal' akamwita kwa jina lake, kwa sauti yake ya juu kabisa, kumbashiria. Ama chuki za kawaida baina ya ndugu, tumekatazwa kuzivusha siku tatu. Kuadhibiwa bila kujua una kosa, bila kujua unaadhibiwa, na bila kujua ni lini itakwisha, sisi hatukukuona katika kitabu chochote tulichosomeshwa.

Wako wasomaji watakaosema: sheikh, haya ni ya wanawake na simu zao, yana uzito gani? Basi lichukueni neno moja tu, shahidi. Kwetu Waswahili shahidi ni mtu wa mahakamani. Ni mmoja wa wale wawili ambao nikahi haisihi bila wao. Ni aliyekufa katika njia ya Mola wake. Na kwa wengine ni jina alilopewa siku ya akika. Katika majukwaa ya kampuni ya Meta, wenye Facebook na Instagram, neno hili kwa Kiarabu lilikuwa likifutiwa watu maandishi yao kila lilipotajwa pamoja na mtu aliye katika orodha yao ya hatari, bila kutazama maana iliyokusudiwa. Bodi ya usimamizi ya kampuni hiyo hiyo ilisema mwezi wa Machi 2024 kwamba hakuna neno jingine lililosababisha ufutaji mwingi kama hilo, ikashauri katazo la jumla liondolewe, na kampuni ikakubali katikati ya mwaka ule. Kabla ya hapo, Mei 2021, maandishi yenye jina la Msikiti wa Al-Aqsa yalikuwa yameondolewa Instagram kwa kuchanganywa na kundi lenye jina kama hilo. Msikiti wa tatu kwa utukufu, ukadhaniwa kuwa genge.

Wapo waliokwenda kwa kadhi wa kidunia. Mwezi wa Julai 2024 mahakama ya Amsterdam ilimpa haki mtafiti mmoja wa sheria ambaye akaunti yake katika X ilikuwa imefichwa isipatikane kwa wepesi kwa wanaoitafuta. Kampuni ikaonekana kuwa haikumpa maelezo ya kutosha kama sheria za Ulaya zinavyotaka. Sisi Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu kinga dhidi ya uamuzi uliotolewa na mashine peke yake, ukiwa na athari ya kisheria au athari kubwa kwake. Kinataka aarifiwe kwa maandishi, naye aweza kuomba uangaliwe upya. Kama salamu ya mwanamke wa Kiptere ni athari kubwa mbele ya sheria, hilo tunawaachia mawakili. Mbele yetu sisi ni kubwa.

Tulichokifanya jioni ile kilikuwa kidogo. Kwanza alitaka kufungua akaunti nyingine kwa jina la Kiarabu, tukamzuia, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine huihesabu akaunti ya pili kuwa ni kukimbia adhabu, na kifungo huzidi. Ya pili ni kwamba jina alilopewa na wazazi wake halina dosari, na dini haikumtaka alivue. Vilevile tukamkanya asiwanunue wale wafuasi wa bandia wanaotembezwa mitandaoni. Mwenye kufanya hivyo ndiye anayefanana kweli na tapeli. Akaihamishia akaunti katika simu yake mwenyewe, akathibitisha namba na barua pepe, akaufuta ujumbe ulionakiliwa mara sita. Akaandika rufaa fupi kwa wenye jukwaa, mistari minne, bila matusi wala machozi: mimi ni mtu, jina langu ni hili, nilibandika salamu moja mara nyingi, naomba mtazame. Kisha akaacha kupeleka maswali mapya, akawa anaitikia mazungumzo ya wengine mara moja au mbili kwa siku kwa maneno yake mwenyewe, bila kuweka anwani yoyote. Na kila Ijumaa mama wa nyumbani kwetu alitazama kwa simu yake kama amekwisha kuonekana, maana simu ya mwenyewe haiwezi kutoa ushahidi huo.

Siku ya kumi na tisa alionekana. Rufaa haikujibiwa hata leo. Kifungo kiliondoka kama kilivyoingia.

Lakini hatukuisubiri mashine kuhusu jambo lililo kubwa zaidi. Usiku ule ule salamu yake ilisomwa kwa sauti na kupelekwa kwa kinamama wale mmoja mmoja, na jumbe za sauti zikaanza kufika Kiptere kabla ya Isha. Dada yetu hakutuma ujumbe. Alipiga simu, na baada ya kuitikia salamu alinyamaza kitambo, kisha akauliza mtoto anapenda uji wa namna gani.

Tunalo ombi kwa dada zetu mnaosimamia makundi na majukwaa. Katika programu nyingi liko sanduku ambamo jumbe za wanachama wapya, au zenye anwani ndani yake, huzuiliwa hadi msimamizi azifungulie. Si zote zilizofichwa huwemo humo, ila nyingi humo ndimo zilimo, na wasimamizi wengi tuliowauliza hawakujua hata kama lipo. Litafuteni. Na mtu akilalamika kwa njia nyingine kwamba ameandika hamkujibu, tazameni kwanza, kwa simu isiyo yake, kama kweli aliandika mahali mnapoweza kuona. Jukwaa lile sasa lina dada wawili wa zamu, mmoja yuko Lamu na mwenzake Malindi, wanaolifungua sanduku kila siku baada ya Alasiri. Siku ya kwanza walikuta salamu arubaini na tatu, ya zamani kuliko zote ikiwa ya mwezi wa Shaaban mwaka juzi, na wakakaa hadi Magharibi wakizijibu moja baada ya nyingine.