Nukta Isiyoona Haya

Lugha yetu imeliweka neno shabaha mahali pa heshima. Kijana mwenye shabaha tunamsifu. Asiye nayo tunamwombea dua. Asili ya neno ni Kiarabu, na ndugu yake wa karibu ni kushabihi, yaani kufanana. Basi anayepiga shabaha ana kazi ya kufananisha mahali pawili: pale palipokusudiwa na pale inapofika risasi. Pakishabihiana, amepata. Pasiposhabihiana amekosa, hata bunduki yake ingelikuwa ya dhahabu. Jirani ya neno hilo lipo kulenga, ambalo masikioni mwa Waswahili halikai mbali na malenga. Sisi wapenzi wa mashairi huyatumia maneno haya barazani asubuhi na jioni, tukasema fulani kalenga na fulani kakosa shabaha, hali ya kuwa mikononi hatuna silaha isipokuwa kikombe cha kahawa. Mimi niliyaona yakirudi kwenye kazi yake ya asili nilipokaa wiki mbili Ruhembe, kwa shemeji yangu.

Ruhembe ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Anayetoka pwani hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na akifika mji mdogo wa Mikumi huiacha barabara kuu ya Iringa akashika ile ya kusini iendayo Kidatu na Ifakara. Nchi ile ni ya miwa. Kuna mashamba makubwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero, na kando yake yapo ya wakulima wadogo wanaokiuzia kiwanda hicho miwa yao. Ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu imesimama milima ya Udzungwa, ambayo nayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Hivyo mkulima wa huko amewekwa baina ya hifadhi mbili, na mnyama hakusomeshwa ramani.

Tembo na nyati si wa mkulima kuwagusa. Hao huitiwa askari wa wanyamapori, na kabla askari hawajafika, watu hujitetea kwa madebe, mioto na pilipili. Katika baadhi ya vijiji vya ukingoni mwa Udzungwa wametundika hata mizinga ya nyuki kwenye nyaya kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo, pamoja na ukubwa wake wote, humkimbia nyuki. Lakini adui wa kila siku ni nguruwe pori. Huja magharibi au alfajiri, huangusha miwa na mahindi zaidi ya anachokila, kisha akatoweka. Shemeji yangu anayo raifo ya .30-06 yenye leseni, na kila anapotaka kuitumia shambani huanza kwa kupata idhini ya ofisa wa wanyamapori. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 si ya mchezo, naye si mtu wa kucheza nayo.

Tatizo lake lilikuwa macho. Mlengaji wa vyuma hutakiwa aone vitu vitatu kwa pamoja: pengo la nyuma lililo karibu na uso wake, ncha ya mbele iliyo mwishoni mwa mtutu, na mnyama aliye mbali. Jicho halina uwezo wa kuvitazama vyote vitatu kwa ukali mmoja. La kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine upesi mno hata asihisi. Mtu akivuka miaka arubaini na kitu, lenzi ya jicho huwa ngumu na hairuki tena. Shemeji amevuka hamsini. Mchana wa jua kali bado anapiga vizuri, lakini magharibi, saa ile ile anayokuja nguruwe, ncha ya mbele humwota ukungu na pengo la nyuma hulitafuta kama mtu atafutaye tundu la sindano gizani.

Na kukosa huko si jambo la kucheka. Risasi ikimpita mnyama pembeni, hasara ni ya baruti tu. Ikimjeruhi, huingia ndani ya miwa, na miwa iliyokomaa humpita mtu kwa kimo. Humo hulala na maumivu yake na ghadhabu yake. Asubuhi huingia mkata miwa, amefunga kitambaa kichwani, panga mkononi, akidhani adui yake ni jua tu. Nguruwe pori dume aliyejeruhiwa ana meno ya kumpasua mtu paja. Kwa hivyo anayefyatua magharibi huwa ameshika amana ya mtu ambaye atafika alfajiri, na ambaye hakuulizwa.

Hapo ndipo kilipoingia kile kioo. Mpwa wake alikileta kutoka Afrika ya Kusini, ambako maduka ya wawindaji huviuza vya kila bei. Ni kibomba kifupi cha rangi nyeusi, kama nusu ya tochi, kinachofungwa juu ya bunduki kwa skrubu. Ukichungulia ndani unaona nukta nyekundu imekaa juu ya dunia. Watu hudhani ni leza inayotupwa kwa mnyama. La. Ndani mna taa ndogo mno, nayo huangaza kwenye kioo kilichopinda kidogo na kupakwa utando unaourudisha mwanga mwekundu na kuuacha mwanga mwingine upite. Mwanga huo hurudi jichoni ukiwa umenyooka, kana kwamba umetoka mbali sana. Ndiyo maana nukta na mnyama huonekana pamoja kwa ukali mmoja, na mlengaji huweza kuacha macho yote mawili wazi. Vile vitu vitatu vimekuwa viwili. Kwa mtu wa umri wa shemeji, ni kama kurudishiwa ujana kwa betri bapa ya ukubwa wa sarafu.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Howard Grubb wa Dublin, mtengenezaji wa darubini za kutazamia nyota, aliiandikia hataza mwaka 1900. Baadaye marubani wa vita waliitumia angani. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa kifaa cha umeme cha nukta nyekundu kwa ajili ya bunduki za mkononi. Vyombo vya majina makubwa huuzwa kwa mamia ya dola. Hiki cha shemeji hakikufika dola mia moja, na jina lililoandikwa ubavuni hatukuwahi kulisikia popote.

"Shemeji, rahisi ni ghali," nikamkumbusha.

"Rahisi ni ghali pale usipoijaribu," akanijibu. "Tutakijaribu."

Alimwarifu mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi, akachagua korongo la machimbo ya zamani ya kokoto lenye ukuta mrefu wa udongo nyuma. Akapima mita 50, akasimamisha ubao wenye karatasi, akaweka gunia la mchanga juu ya meza ili bunduki itulie. Kabla ya yote aliomba rangi ya kucha kwa binti yake, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kila skrubu, ukishuka mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Skrubu ikilegea hata kidogo, mstari utakatika, nasi tutajua. Nilipenda ujanja ule kuliko kioo chenyewe.

Alikuwa na risasi 20, na kila moja ina bei yake, kwa hiyo hakupoteza hata moja kwa furaha. Tatu za mwanzo zilikaa pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kiganja, lakini zilikuwa sentimita 12 kushoto mwa alama. Ndivyo inavyokuwa kwa kifaa kipya. Kipo kitufe cha kuzungusha, na kila mlio wake mmoja husogeza risasi kama sentimita moja na nusu kwa umbali ule. Akazungusha milio minane. Tatu zilizofuata zikaingia katikati, na shemeji akatabasamu. Akakitumbukiza kioo, bunduki ikiwa kando, ndani ya ndoo ya maji, akakiacha kwa muda wa kunywa chai. Kilipotoka hakikuwa na ukungu ndani. Akakifunga tena, akapiga rangi mistari mipya, akafyatua mbili: katikati. Hata mimi nikaanza kukiheshimu.

Kesho yake akaifunga bunduki, bila risasi ndani na ikiwa imewekwa kwenye mfuko wake, mgongoni mwake, akapanda pikipiki na kupita njia za malori ya miwa kwa muda wa saa nzima. Aliyewahi kupita njia zile baada ya mvua anajua ni kitu gani: mifereji, mashimo, tope lililokauka likawa mawe. "Nguruwe hanisubiri mezani," alisema. Tukarudi machimboni. Alichungulia, akasema nukta ipo, imetulia, inang'aa kama jana. Akafyatua tatu. Zote tatu zikakaa pamoja, vizuri kabisa, shibiri nzima kulia mwa alama.

Nikamwambia labda mkono umechoka kwa pikipiki.

"Huenda, shemeji. Mtu mzima hamshitaki mwenziwe kabla hajajishitaki mwenyewe. Ngoja tuuulize mkono."

Akakifungua kioo, akalenga kwa vyuma vya zamani katika jua la saa nne, akapiga mbili. Zikaingia ndani ya kiganja, katikati. Mkono ukawa umetoa ushahidi wake. Akainama kuitazama mistari ya rangi ya kucha aliyoipiga jana: ilikuwa imekatika pale tu alipofungua yeye mwenyewe, na kabla ya hapo tulikuwa tumeikagua wote wawili, ikiwa mizima. Kasoro basi ilikuwa ndani, mahali pasipoonekana: kwenye springi au gundi au kipande kidogo kinachoishikilia taa mbele ya kioo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na tofauti ya bei aghlabu imefichwa mle ambamo mnunuzi hawezi kuchungulia. Hilo halina maana kwamba kila cha bei ndogo ni kibovu. Lina maana kwamba cha bei ndogo huja bila shahidi, na shahidi huyo inabidi umtafute wewe.

Nilimuuliza kwa nini asizungushe kitufe tena, milio kadhaa, akairudisha katikati.

"Nikikirekebisha leo," akasema, "kesho nitaapa kwa kipi?"

Akakiweka ndani ya sanduku lake la karatasi. Zikabaki risasi saba. Alisema magharibi ataacha vijana wapige madebe, na bunduki ataitoa alfajiri kukishapambazuka vizuri, na kwa masafa mafupi tu, mpaka atakapokuwa na fedha za kununua macho ya kuaminika. Maneno hayo aliyasema taratibu, na sikuyajibu, kwa kuwa mwanamume anapopunguza mpaka wake mwenyewe huwa amekwisha kujadiliana na nafsi yake.

Kilichonishughulisha tangu siku ile ni ile nukta. Ilipokuwa inasema kweli ilikuwa nyekundu, duara, imetulia. Ilipokuwa inasema uongo ilikuwa nyekundu, duara, imetulia. Haikufifia, haikutetemeka, haikuona haya. Vyuma vya zamani vikipinda, mtu huviona vimepinda. Jicho likichoka, mtu hujua amechoka, na huko kujua ndiko kunakomrudisha nyuma asifyatue. Nukta huondoa mashaka pamoja na uzito wa kutazama, na mashaka yale yalikuwa yakilinda watu.

Nami nikiwa mtu wa mashairi, sikuweza kuepuka kuifikiria kazi yetu. Tunayo nukta yetu, nayo ni kina. Mshairi akifikisha mizani minane na minane, vina vya kati na vya mwisho vikalia pamoja, sikio hutulia likasema amepata. Lakini kina hulia vile vile hata maana ikiwa imehama shibiri nzima. Beti ya uongo haibadiliki sauti. Pengine hulia vizuri zaidi, kwa sababu mtungaji hakulemewa na mzigo wa kusema kweli. Nimewahi kukaa barazani nikasikia mtu akisifiwa, vikombe vikigongwa, kwa shairi lililomjeruhi jirani ambaye hakuwapo, na hakuna aliyejiuliza risasi ile imelala wapi.

Sisemi vina vitupwe. Shemeji hakuilaani nukta. Anaihitaji, na ya kuaminika akiipata ataifunga juu ya bunduki yake kwa shukrani. Ninalosema ni kwamba kinachong'aa hakiwezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Wazee wetu walilijua hilo kwa njia yao: shairi lilipitishwa kwa wenzio kabla ya kuimbwa, likahojiwa, likajibiwa kwa shairi, likatikiswa kama ile bunduki kwenye njia za malori. Likifika ng'ambo ya pili na maana yake ikiwa mahali pake, hapo ndipo liliposemwa limelengwa. Siku hizi tunatunga usiku na kutangaza usiku huo huo, na kilichotuhakikishia ni kwamba limelia vizuri masikioni mwetu wenyewe.

Anayelenga hufyatua magharibi na kwenda kulala. Neno lake hubaki ndani ya miwa. Na alfajiri, bila ya kujua lolote la vina wala nukta, kuna mtu anakuja na panga lake kufanya kazi yake ya siku.